Siku Fundi Alipolifuata Jeneza Lake Jukwaani

Nilikuwa maiti. Nianzie hapo, maana asiyejua kwamba aliyelala ndani ya lile jeneza ni mimi hataelewa kwa nini sikukimbia.

Kikundi chetu cha maigizo kiko Walukuba, hapa Jinja, Uganda. Tuko saba, siku ya posho tunakuwa kumi na mmoja. Tunaigiza kwa Kiswahili kwa sababu mtaa wenyewe ulijengewa wafanyakazi wa viwandani, na mtu wa Busoga, wa Teso na wa Bombo wakipanga mlango kwa mlango, lazima watafute lugha ya kudaiana chumvi. Baraza la mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, sisi watazamaji walikuwa wameshatutukana kwacho miaka mingi.

Na walikuwa na haki. Kwa miaka mitatu tulicheza mchezo uleule: mume anakufa, shemeji wanakuja kumnyang'anya mjane nyumba, mchungaji anaingia na kuwapatanisha. Watu waliukariri. Kuna mzee wa benchi la mbele ambaye nikichelewa kukata roho alikuwa ananihimiza, "Kufa basi, baba, tuna safari." Mjane alilia huku anasoma ujumbe kwenye simu. Mimi, mtunzi na mwongozaji, nilikuwa nimejipa nafasi ya marehemu ili nipate usingizi.

Nikaamua kwamba tatizo letu ni jeneza. Tulikuwa tunatumia meza iliyofunikwa shuka, na nani atamlilia mtu aliyelala juu ya meza ya kulia? Nikaenda kwa fundi wa kando ya barabara, yule anayeyasimamisha majeneza nje kama makabati. Akanikodishia moja la vanishi kwa shilingi elfu ishirini, usiku mmoja.

"Ila likipata mwenyewe," akasema, "nalifuata."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ukumbi wetu ni kibanda cha video cha mabati, tunapewa siku ambazo hakuna mpira wa Uingereza. Jumamosi hiyo nikalazwa humo ndani, pamba chini, kitambaa cheupe pembeni, harufu ya vanishi inanitoa machozi ambayo marehemu hatakiwi kuwa nayo. Kifuniko kilikuwa na kidirisha cha kioo usawa wa uso. Nikawa naona balbu moja na nzi wa ziwani wanaoizunguka. Kusema kweli palikuwa pazuri. Mjane akaanza kulia, nami nikaanza kusinzia.

Nikasikia "samahani, samahani" katikati ya mabenchi. Nikafungua jicho moja. Fundi!

"Naomba jeneza langu," akasema, tena jukwaani, mbele ya watu.

Mjane, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, hakuwa na neno la kukariri. Akamtazama juu hadi chini. Kisha akashika kiuno.

"Lako? Na wewe ni ndugu wa marehemu?"

Kibanda kikalipuka. Shemeji mkubwa akadakia, "Nyumba tumeshagawana. Umechelewa, chukua hilo hilo."

"Mimi sichezi!" Fundi akafoka. "Mteja yuko nje na pikapu!"

Kadiri alivyoapa kwamba hachezi, ndivyo watu walivyozidi kupiga makofi. Mzee wa benchi la mbele akasimama kabisa ili asipitwe.

Mteja mwenyewe akaingia, mtu mzima aliyechoka na msiba wake, akidhani haya ni matanga ya kweli na yeye anaombwa asubiri zamu. Akafunua kifuniko. "Huyu naye mrefu," akasema taratibu. "Wetu alimzidi kidogo." Akaanza kunipima kwa shubiri, kutoka kichwani. Nikayafumba macho. Kila siku nawaambia vijana wangu: hata paa likianguka, usitoke kwenye nafasi yako. Shubiri ya kwanza, ya pili, ya tano, magoti. Akafika kwenye nyayo.

Mimi nina mtekenyo wa nyayo tangu utotoni.

Maiti akacheka. Na balbu nayo ikachagua dakika hiyohiyo kuzimika, jambo la aibu Jinja, mji ambao bwawa la Owen Falls limekuwa likizalisha umeme pembeni yake tangu 1954. Ilizimika kwa muda wa kuvuta pumzi tu. Ilipowaka, mimi nilikuwa nimekaa kitako, mteja yuko mlangoni, na Fundi amekikumbatia kifuniko kama mtoto.

"Leo amekataa kufa!" mzee akapiga kelele.

Nikatoka, nikawaachia jeneza lao. Mchungaji, ambaye sikumjua kuwa na kichwa, akainua mikono akatangaza kwamba kwa kuwa marehemu amenyang'anywa usafiri, atakwenda kaburini kwa miguu. Basi nikatembea na sanda yangu, kibanda kizima kikanifuata kikiimba hadi kwenye pikapu. Huko nje Mjane akakivua kilemba chake, akakipitisha kwa watu, na mabugo, yaani rambirambi, yaliyopatikana akampa yule mfiwa wa kweli. Akayapokea kwa mikono miwili. Halafu akaomba mimi nisimsogelee.

Jumatatu kwenye mazoezi wote walifika kabla yangu. Simu zimo mifukoni. Mjane ana majibu matano mapya ya kumpa Fundi, na Fundi naye amekuja, anadai kodi ya jeneza, malipo ya uigizaji, na pamba niliyoilalia. Tumefikia elfu arobaini. Kinachobishaniwa hadi sasa ni lile sharti lake la kwanza: likipata mwenyewe tena katikati ya mchezo, je, atalifuata?

Mjane anasema alifuate.