Warfarini na Zile Siku 72

Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, haina mtetezi. Daktari kijana anaiandika shingo upande. Mgonjwa anaimeza huku ameshasikia kwamba ilianza kama sumu ya panya (na ni kweli, iliuzwa hivyo mwaka 1948, kabla binadamu hawajaanza kutibiwa nayo), na mwenye ndugu Ulaya anaulizia "zile mpya zisizotaka kupimwapimwa damu". Zile mpya ni dabigatrani, rivaroksabani, apiksabani na edoksabani. Mwaka 2019 kundi hili liliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na tangu hapo mazungumzo mengi yanahusu lini tutahama. Mimi nauliza nani ahame.

Hoja ya wanaotaka kuhama ina uzito. Moyo ukipapatika badala ya kupiga kwa mpangilio, damu hutuama kwenye chumba cha juu kushoto na kufanya bonge, na bonge hilo likichomoka likafika kwenye ubongo, mtu anapata kiharusi. Warfarini huzuia karibu theluthi mbili ya viharusi vya aina hii. Aspirini haizuii hata robo, ingawa bado kuna wanaoitoa kwa kazi hiyo kwa kuiona salama. Ila warfarini ina njia nyembamba sana ya kupita. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3: kikishuka damu inaganda, kikipanda damu inavuja. Rifampisini ya kifua kikuu inakishusha, Flagyl na Septrini zinakipandisha, na mchicha, kisamvu na sukuma wiki navyo vina la kusema.

Dawa mpya hazitaki kupimwapimwa INR. Katika utafiti wa ARISTOTLE wa mwaka 2011, waliotumia apiksabani walipata viharusi na mabonge ya damu pungufu kwa asilimia 21 kuliko waliotumia warfarini, na kuvuja damu kwingi kulipungua kwa asilimia 31. Kuvuja ndani ya fuvu, jambo ambalo kila anayeandika dawa hizi analiogopa kuliko yote, kulipungua kwa zaidi ya nusu. Mzee wa miaka 70 mwenye presha, moyo unapapatika lakini milango yake ni mizima: huyo sina ubishi naye, apewe apiksabani kama ataimudu kila mwezi.

Lakini tuangalie nani hakuwemo. ARISTOTLE, ROCKET AF ya rivaroksabani na RE-LY ya dabigatrani, zote ziliwaacha nje wagonjwa ambao mlango wa moyo kati ya vyumba viwili vya kushoto umesinyaa kwa kiwango kikubwa. Nao hao ndio wetu. Katika rejesta ya kimataifa iliyokusanya wagonjwa wa moyo kupapatika kutoka nchi 47, Afrika zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Amerika Kaskazini walikuwa kama wawili katika mia. Historia ya wagonjwa wetu inajulikana: mtoto anaugua mafindofindo hayatibiwi sawasawa, mwili unaushambulia moyo wake wenyewe, mlango unapata makovu, na miaka ikipita chumba kilicho nyuma yake kinatanuka hadi kinaanza kupapatika. Utafiti maarufu wa Framingham, Marekani, wa mwaka 1978 ulikadiria kwamba moyo kupapatika peke yake unaongeza hatari ya kiharusi mara tano hivi. Ukiambatana na ugonjwa wa mlango wa baridi yabisi, ni mara 17.

Kwa hawa, tulisubiri hadi Agosti 2022. Utafiti wa INVICTUS uliwachukua wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo kupapatika wenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wastani wa umri miaka 50, zaidi ya asilimia 70 wanawake. Nusu walipewa rivaroksabani, nusu warfarini au ndugu zake. Wengi walitarajia dawa mpya ishinde, au angalau itoke sare. Ikashindwa. Waliopatwa na kiharusi, shambulio la moyo, bonge sehemu nyingine au kifo cha moyo na mishipa walikuwa 560 upande wa rivaroksabani na 446 upande wa pili. Kuvuja damu kwingi hakukutofautiana kwa maana. Na waliokuwa kwenye dawa ya zamani waliishi wastani wa siku 72 zaidi katika muda wa ufuatiliaji.

Nimesikia watu wakizicheka siku 72. Miezi miwili na ushee, wanasema, ndiyo tumsumbue mtu na sindano ya damu kila mwezi? Lakini huo ni wastani wa kundi zima, na walio wengi walifika mwisho wa utafiti wakiwa hai bila kujali walimeza nini. Siku hizo zimetoka kwa wachache, na kwa kila mmoja wao zilikuwa nyingi mno. Tena wanaosema warfarini inafaa tu penye maabara ya Ulaya waangalie hali ya wagonjwa walipoingia: theluthi moja tu ndio INR yao ilikuwa mahali pake. Baadaye ikapanda hadi kati ya asilimia 56 na 65. Huo ni usimamizi wa kawaida, na bado dawa ikashinda.

Wapinzani wana swali zuri, nami nalikubali: vifo vilivyopungua zaidi vilikuwa vya ghafla na vya moyo kushindwa kusukuma damu. Dawa ya kuzuia bonge inahusikaje na hayo? Isitoshe, waliopewa rivaroksabani waliacha dawa kwa wingi zaidi. Huenda basi, wanasema, warfarini haikufanya lolote la ajabu, ila watu wake walikuwa wanaitwa kliniki kila mwezi.

Tuseme ndivyo, ingawa halijathibitishwa. Mtu anayekuja kupimwa INR anaonekana miguu imevimba. Anaulizwa mbona anahema, dawa ya kupunguza maji inaongezwa, na ikigundulika ameacha kidonge wiki ya pili tu anakaripiwa kidogo na kurudishwa njiani. Sifa kubwa ya dawa mpya, kwamba humwoni daktari miezi sita, kwa mgonjwa mwenye mlango uliosinyaa inaweza kuwa ndiyo hasara yake.

Suala la uzazi halimpi ushindi yeyote. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto hasa miezi mitatu ya kwanza, na dawa mpya hazishauriwi kwa mjamzito pia. Waliowekewa mlango wa chuma nao mjadala wao umefungwa: dabigatrani ilijaribiwa kwao na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa mabonge na kuvuja damu vyote vilizidi.

Linabaki la nauli, na hapa ndipo warfarini inapoumia kweli. Mama wa Ukerewe anavuka ziwa hadi Mwanza kwa kipimo cha dakika chache, siku nzima ya kazi imekwenda. Lakini hilo ni tatizo la mahali kipimo kilipo. Eldoret, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Moi, wafamasia waliendesha kliniki ya warfarini wenyewe, na matokeo waliyochapisha mwaka 2011 yalionyesha wagonjwa wakikaa kwenye kiwango zaidi ya asilimia 60 ya muda. Mashine ya kupima INR kwa kuchoma kidole ipo, inatoshea mkononi. Na wagonjwa wetu walio vijana tayari wana miadi nyingine: sindano ya penisilini ya kila wiki nne, ya kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi, ambayo wengi wanachomwa karibu na nyumbani. Mashine ikiwekwa kwenye chumba hichohicho cha sindano, safari ya pili haipo.