Picha ya Nyuma Ikatwe, Isivutwe

Nyumba ya wageni ya hapa Bagamoyo ikitengenezewa programu ya mapokezi, mwenyewe kwa kawaida hutaka picha ya mji iwekwe nyuma ya vitufe: Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, au makaburi ya kale ya Kaole yenye nguzo ndefu za mawe. Picha hupendeza mpaka mpokezi aburute pembe ya dirisha. Hapo nguzo ya Kaole, ambayo fahari yake yote imo katika kimo, hunywea na kunenepa kama kinu.

Lawama si ya picha, bali ya aliyeiamuru ijaze upana na urefu wa dirisha bila kujali uwiano wake. Tuchukue picha ya pikseli 3000 kwa 2000 ndani ya dirisha la 1200 kwa 600. Upana wapaswa kuzidishwa kwa 0.4, na urefu kwa 0.3. Anayetumia namba zote mbili huipunguzia nguzo robo ya kimo ikilinganishwa na unene wake. Anayetumia ndogo peke yake hupata picha kamili ya 900 kwa 600, lakini hubakiza pikseli 150 tupu kila upande. Mimi hushika kubwa: picha huwa 1200 kwa 800, hufunika dirisha lote, na pikseli 200 za urefu hukatwa.

Najua wapo wanaoona kukata ni hasara. Ni hasara kweli, ila hii angalau tunaweza kuichagulia mahali. Programu nyingi hukata juu na chini kwa usawa, jambo ambalo kwa picha ya Kaole huondoa ncha ya nguzo na kuyabakiza majani. Kwa hiyo kila picha ipewe sehemu yake isiyoguswa.

Katika Windows Forms, zana ya Microsoft ya kuundia madirisha ya programu, chaguo la Stretch huvuta picha na la Zoom huacha nafasi tupu, hivyo anayetaka kufunika hulazimika kuchora mwenyewe, ilhali WPF, zana nyingine ya Microsoft, inayo UniformToFill, chaguo la kufunika kwa kukata. Katika Java Swing, zana ya madirisha ya lugha ya Java, picha iliyowekwa ndani ya JLabel (lebo ya maandishi au picha) haibadiliki ukubwa hata kidogo. Ichorwe ndani ya paintComponent, yaani sehemu ya msimbo inayochora JPanel (paneli ya dirisha), kwa kusoma upana na urefu wake kwa getWidth na getHeight wakati huohuo. Kwa kuwa paintComponent huitwa mara nyingi dirisha linapoburutwa, si busara kupunguza upya picha kubwa kila inapoitwa, hasa kwenye kompyuta kuukuu za mapokezi. Nakala iliyokwisha kupunguzwa ihifadhiwe, kisha itengenezwe nyingine safi mburuto unapotulia.

Kanuni hii ina mpaka wake. Dirisha likiwa jembamba na refu, tuseme 600 kwa 900, picha ileile huwa 1350 kwa 900, na zaidi ya nusu ya upana wake hupotea. Hapo sihangaiki na hesabu nyingine. Naliwekea dirisha ukubwa wa chini kwa setMinimumSize, kwa maana hata jedwali la vyumba halisomeki katika upana huo.