Chumbe ilifaulu, lakini si kila kisiwa ni Chumbe

Tangu 2021 Serikali ya Zanzibar imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji wa hoteli za kifahari, na kila mjadala ukizuka jina la Chumbe halikosi kutajwa. Ndiyo hoja kubwa ya wanaounga mkono, nayo ina uzito.

Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe, kilitangazwa hifadhi mwaka 1994. Kinaendeshwa na kampuni binafsi kwa fedha za wageni, na nyumba za wageni ni 7 tu. Mvua hukingwa mapaani na kuwekwa kwenye birika chini ya sakafu, umeme ni wa jua, na vyoo havitumii maji, hivyo hakuna uchafu unaoteremka mwambani. Wavuvi walifunzwa wakawa walinzi. Mwamba una zaidi ya aina 400 za samaki, msituni wamehamishiwa paa nunga, swala wadogo walio adimu, na watoto wa skuli hupelekwa kuyaona matumbawe kwa macho yao. Sioni serikali ikimudu ulinzi wa namna hiyo mwaka hadi mwaka.

Yote hayo nayakubali. Linalonisumbua ni jambo ambalo halitajwi sana: hata kabla ya hoteli, upande wa magharibi wa Chumbe ulikuwa hauvuliwi sana. Ulipakana na eneo la jeshi, na vyombo vidogo havikutakiwa kuziba njia ya meli ziendazo Dar es Salaam. Mwekezaji aliukuta mwamba mzima, na waliolazimika kuhama walikuwa wachache.

Visiwa vingine vina dago. Wavuvi hupiga kambi siku kadhaa, wakaanika samaki, wakangoja upepo ugeuke. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yakikupwa, wanawake hushuka mwambani kutafuta pweza na chaza. Hawana hati, kwa hiyo kwenye ramani kisiwa chao huonekana kitupu. Ajira za hoteli huhesabika kwa majina na mishahara. Pweza aliyekosekana chunguni haandikwi popote.

Wapo wanaojibu kwamba mwamba uliofungwa hujaza samaki hadi nje ya mpaka wake, na mvuvi hufaidika baadaye. Ni kweli, lakini huchukua miaka, na nyumba hula leo. Kule Pemba, watu wa Kisiwa Panza wamekuwa wakiufunga mwamba wa pweza kwa miezi michache kisha wakaufungua, kwa makubaliano yao wenyewe. Njia hiyo hailipi walinzi wa mwaka mzima kama Chumbe, ila haimfukuzi mtu.

Tena fedha za wageni zenyewe si za kutegemea. Mwaka 2020 ndege ziliposimama, mapato yalikauka, na matumbawe hayakuacha kuhitaji mlinzi. Ndege hizo hizo zina sehemu yake katika joto lililoyapausha mwaka 1998 na 2016.

Sipingi hoteli hizi. Nataka wenye dago waitwe kabla ya mwekezaji kuonyeshwa ufukwe, na siku zao za bamvua ziandikwe ndani ya mkataba. Mkataba unaotaja idadi ya vyumba na aina ya vyoo lakini hautaji dago, ningeukataa, hata kama paa ni la makuti na umeme wote ni wa jua.