Mizani ilisema 78, fundi akakataa

Kituo cha daladala ninachoshukia jioni kuna kijana mwenye mizani inayoongea. Unalipa, unapanda, inatangaza kilo zako na kituo kizima kinasikia. Mwaka jana ilinitangazia 82. Kwa aibu nikaingia kwenye maji ya ndimu na tangawizi: asubuhi ndimu, mchana tikiti, usiku ndimu tena. Siku ya kumi, 78! Nilitembea hadi nyumbani kama bibi harusi.

Jumamosi nikaenda kupimwa gauni la sendofu ya binamu yangu. Fundi wangu hana maneno mengi. Akanizungushia futi, akafunua daftari lake la vipimo vya Idi, akachungulia. "Dada, kiuno ni kilekile. 38."

Tangu siku hiyo mizani nimeishusha cheo. Zile kilo nne nyingi zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia kama gramu tatu za maji. Ukijinyima siku chache akiba inakwisha na maji yanaondoka nayo. Rudi kwenye ugali, yote yanarudi. Na ukiacha mpaka maharage na dagaa, kama nilivyofanya mimi, mwili unaanza kujila misuli. Kilo moja ya misuli huchoma kama kalori 13 kwa siku hata ukiwa umelala. Kilo ya mafuta haifiki 5. Tofauti si kubwa kama wanavyoitangaza watu wa gym, lakini misuli hiyohiyo ndiyo itakayokunyanyulia ndoo uzeeni.

Wapo na wenzangu wa "nimefika 40, mwili hauchomi tena". Poleni. Utafiti wa mwaka 2021 uliopima watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29 ulikuta kwamba ukishahesabu ukubwa wa mwili, kasi ya kuchoma chakula haibadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Kilichobadilika ni bodaboda mpaka mlangoni na sambusa za saa nne.

Mazoezi je? Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi hutembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima, wakachapisha mwaka 2012: ukilinganisha maumbo, nishati wanayotumia kwa siku haizidi ya Wamarekani wa maisha ya kukaa. Basi mimi natembea kwa ajili ya moyo na sukari, ila kitambi nakitafutia dawa jikoni. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, nami chapati nilikuwa nazimiminia kwa macho.

Kipimo ninachokiamini sasa ni kiuno. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba hatari ya kisukari na maradhi ya moyo hupanda sana mwanamke akizidi sentimita 88, karibu inchi 35, na mwanaume 102. Akina baba mnaofungia mkanda chini ya kitambi na kusema saizi haijabadilika, futi ipite kitovuni tafadhali.

Siku hizi ugali nusu, maharage tele, na jioni nanyanyua madumu ya lita kumi uani. Mwezi uliopita fundi aliandika 35 na nusu. Mizani ya kituoni bado inatangaza 79. Shangazi yangu, yeye, ameniangalia mashavu, akauliza kwa sauti ya chini kama kule kwa mume kuna amani, na kesho yake akaleta chupa ya uji wa ulezi.