Mimi Niliyebanwa Katikati ya Kichuguu

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi hii, na bado kila inapofika siku ya kulipa kodi ya fremu yangu pale Majengo, simpati hata mmoja wa kunikopesha shilingi elfu ishirini. Kwa muda mrefu nililaumu uchoyo wa watu wa Dodoma, mpaka mpwa wangu, ambaye anasoma takwimu chuoni na kula kwangu, aliponieleza kwamba watu ninaowakopa wengi wao hawajaanza hata kunyoa ndevu.

Alichukua karatasi yangu ya kukatia vitambaa, bila ruhusa, akachora vijiti vilivyolala: kushoto wanaume, kulia wanawake, chini kabisa watoto wachanga na juu kabisa wazee. Kilichotokea ni kichuguu kitupu, kipana chini na chenye ncha juu. "Mjomba," alisema, "katika kila Watanzania 100, zaidi ya 40 hawajatimiza miaka 15, na waliovuka 65 hawafiki watano. Wa katikati ndio wanaowabeba wote." Nilimuuliza yeye mwenyewe, mwenye miaka 22, yuko wapi katika mchoro huo. Akajibu bila haya kwamba kitakwimu yuko katikati pamoja nami, anazalisha. Alijibu hivyo huku akiongeza mboga.

Mimi ni fundi wa sare za shule, kwa hiyo ningetegemewa kufurahi kwamba nchi imejaa watoto. Ada ilifutwa mwaka 2016, shule zikafurika, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi, na mzazi huyo naye ana kichuguu chake nyumbani. Kila Januari huja mama na binti wa darasa la kwanza, namzungushia binti futi kiunoni, naandika kipimo, halafu mama ananiambia, "Fundi, mwachie upindo wa kutosha, avae mpaka darasa la nne." Nashona sketi ambayo nusu yake imekunjwa ndani, nalipwa nusu ya bei, na nusu nyingine naahidiwa mwezi wa tatu, bila kutajiwa mwezi wa tatu wa mwaka gani.

Nikamwambia mpwa wangu kwamba dawa ni watu kupunguza kuzaa, maana kwa sasa mwanamke mmoja hapa nchini hupata wastani wa watoto karibu watano. Akatikisa kichwa kama daktari. Alisema hata kama kuanzia kesho kila mama atazaa wawili tu, idadi itaendelea kupanda kwa miongo kadhaa, kwa kuwa mama wa kesho wamekwisha kuzaliwa na ni wengi kuliko mama wa leo. Nikawakumbuka wale mabinti wa upindo, nikaagiza uzi wa bluu katoni nzima.

Habari ya jinsia ndiyo iliyonimaliza kabisa. Sensa ilipata wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130, na mke wangu alipozisikia namba hizo alitangaza kwamba taarifa ya habari itasubiri tamthilia iishe, kwani walio wengi wamekwisha kuamua. Cha ajabu ni kwamba wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana, duniani kote. Sisi hupungua njiani. Tunakufa mapema zaidi, na nikiwatazama wenzangu wanaokimbiza bodaboda usiku bila kofia ngumu, na wanaopelekwa hospitali wakiwa wamekwisha kuzidiwa, naona hata hao milioni thelathini waliobaki wamejitahidi.

Kuhamahama nako huharibu mchoro. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa dhati mwaka 2016, wenye nguvu wanamiminika mjini, na mkoa uliokuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012 ulikutwa na 3,085,625 miaka kumi baadaye. Walipoondoka, kule Chemba na Bahi, wamebaki bibi na wajukuu wakigawana mlenda. Waliofika hapa walitakiwa kuwa wateja wangu, lakini huja na suti zilizokwisha kushonwa, na wanachoniongezea ni kodi ya fremu tu.

Mpwa wangu ananifariji kwa Japani, ambako karibu watu 29 katika kila 100 wamevuka miaka 65 na shule zinafungwa kwa kukosa watoto. Fundi wa sare wa huko, nadhani, analia kuliko mimi.

Kinachonipa tumaini ni kwamba umri wenyewe hausemwi kwa usahihi. Karani alipomuuliza mama yangu mwaka wa kuzaliwa, alijibiwa kwamba siku ya Uhuru yeye alikuwa tayari anachunga ndama, na karani akajikadiria mwenyewe. Jirani yangu ana miaka hamsini tangu nimfahamu. Mpwa wangu anasema ndiyo maana vijiti vya umri unaoishia na sifuri au tano hurefuka kupita majirani zake. Sensa ijayo, ikifuata desturi ya kila miaka kumi, itakuwa 2032, nami nitakuwa na miaka 57. Nimeazimia kutaja 65, ili nihamishiwe juu kwenye ncha pamoja na wanaotegemewa kulishwa. Mke wangu ameusikia mpango huo, na amesema kwamba siku hiyo atakayekaa na karani sebuleni ni yeye.