H-indeksi bila muktadha haisemi mengi

Makala moja inamsifu mtafiti wa saratani ya damu kwa h-indeksi kubwa, yaani kipimo cha machapisho ya mtafiti na mara yaliponukuliwa, bila kueleza hesabu yenyewe. H-indeksi ya 60 maana yake ana machapisho 60 ambayo kila moja limenukuliwa angalau mara 60; moja likifika mara 5,000, namba haisogei. Google Scholar, injini ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, huipandisha kuliko Scopus, hifadhidata ya machapisho yaliyochujwa, kwani Google Scholar huhesabu hata tasnifu na rasimu. Halafu ripoti za majaribio ya dawa za lukemia (saratani ya damu) huwa na waandishi kibao, hivyo tazameni nafasi ya jina lake kwenye orodha: wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi, wa mwisho ndiye kiongozi. Wa katikati? Pengine aliingiza wagonjwa kwenye jaribio tu. Watafiti wenye majina yanayofanana pia huvuruga hesabu. Anzeni na ORCID yake, namba ya kumtambulisha mtafiti yenye tarakimu 16.