Brusilii wa Kwenye Nailoni

Juu ya kabati letu la vyombo, pale palipokuwa pakikaa chupa ya chai ya wageni, sasa kimekaa kitabu. Chupa imehamia uvunguni. Mama Zuhura hajanisamehe, na sidhani kama mwaka huu atanisamehe, maana mawifi zake wakija inabidi apige magoti mbele ya watu na kuingiza kichwa chini ya kitanda kama anayefukuza panya.

Msidhani ni kitabu cha kusoma. Cha kusoma ningekisoma. Hiki ni toleo la wakusanyaji: vimechapwa vichache, kila kimoja na namba yake (changu 417), kimevalishwa sanduku gumu jeusi, na sanduku limevalishwa nailoni iliyokaza kama ngozi ya ngoma. Kinaeleza jinsi ilivyotengenezwa Enter the Dragon, ile picha ya Bruce Lee, ambaye mtaani kwetu hajaitwa Bruce Lee hata siku moja. Ni Brusilii, neno moja, kama jina la mtu wa Kilwa.

Bei sitaitaja. Mama Zuhura nilimtajia robo yake, na kwa robo hiyohiyo alitafuta pa kukaa. Mpwa wangu anayeishi Manchester ndiye aliyekiagiza, akaja nacho likizo, na kabla hajanikabidhi akanishika bega. "Mjomba, usikifungue. Ukitoa hiyo nailoni tu, thamani yote imekwenda."

"Sasa nitakisomaje?"

Akanitazama kwa huruma, kama anamtazama mgonjwa. "Hiki hakisomwi, mjomba. Hiki kinawekwa. Ndani kuna mpaka glavu nyeupe za kukishikia."

Jamani. Yaani nimenunua unga nikaambiwa usisongwe, uwekwe tu juu ya kabati niwe nautazama kwa njaa.

Na mimi sikukinunua kwa ufahari. Nina shida yangu ya miaka mingi. Picha hii niliijua kwenye kibanda umiza, Manzese, tumebanana kwenye benchi lenye misumari inayochungulia, jamaa mmoja ametushikia maiki anatutafsiria kwa Kiswahili cha kutunga mwenyewe. Huyo alimfanya adui, yule Han mwenye mkono wa kubandika wenye makucha, aitwe Mzee Hassani, na alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba. Tulifurahi hivyohivyo. Lakini kanda ilikuwa imechezwa mpaka imechoka. Kila ikifika pale stelingi anaingia kwenye chumba cha vioo, adui ni mmoja lakini anaonekana ishirini, deki inafanya krrrr, inatafuna. Mwenye kibanda anaitoa, anaikunjua kwa kidole, anaipuliza, anairudisha. Palepale: krrrr. Halafu kiingilio hakirudi. Nimetoka utotoni sijui kama Mzee Hassani alikufa au alilipa kodi.

Baadaye sidii zikaja, nikamwona akifa. Hapo ndipo ugonjwa mwingine ulipoanza. Kama chumba kizima ni vioo, mpiga picha alikuwa wapi? Nimetazama mpaka macho yametoka machozi. Namwona Brusilii mbele, Brusilii nyuma, Brusilii vipande vipande, kifua kina michirizi ya damu. Kamera sioni. Hata mguu wake sioni.

Kijiweni tumeshanuniana kwa jambo hili. Mzee Kondo anasema kamera ilikuwa darini, na yeye ana haki ya kusema kwa sababu aliiona sinema, miaka ya sabini, wakati sisi wengine hatujazaliwa. Ni sinema ipi, hapo inategemea siku: Jumatatu ni Empire, Alhamisi ni Avalon. Fundi viatu anasema waliifuta kwa kompyuta. Mwaka 1973, kompyuta! Nikawaambia wote wasubiri, naagiza kitabu. Kitabu kimekuja. Sasa wananiuliza kila asubuhi, "Vipi, umeshaona?" Jibu limelala nyumbani kwangu, namba 417, na mwenye nyumba haruhusiwi kuligusa.

Nikiri kuna mambo nilikuwa nayajua kabla, ya kuokoteza. Picha yenyewe ilipigwa Hong Kong mwanzoni mwa 1973 kwa dola 850,000 hivi, ambazo kwa watu wa Hollywood ni hela ya karanga. Zile chupa alizovunja Bob Wall zilikuwa chupa kweli, kioo kweli, si zile za kuigiza zinazovunjika kama biskuti. Moja ikamchana Brusilii mkono, akashonwa, kazi ikasimama. Na ule uwanja wa mashindano kisiwani kwa Han, ule ambao utoto mzima niliota nimesimama katikati yake nimevua shati, ulikuwa uwanja wa tenisi wa nyumba ya kitajiri. Tenisi! Siku niliyoambiwa hilo nilifunga kibanda changu cha ufundi mapema nikaenda kulala.

Basi, wiki iliyopita tunakula, ugali na dagaa, Mama Zuhura akasema bila kuinua macho, "Kumbe yule mzee wa mkono wa makucha sauti si yake."

Tonge likanisimamia kooni. "Nani kakwambia?"

"Mambo ya watu hayo. Kiingereza kilimpiga chenga. Akatafutwa Mchina mwingine wa Marekani akamsemea, Keye Luke."

"Na picha yote ilipigwa bila sauti, baba," Zuhura akadakia. "Sauti ziliwekwa baadaye."

Nikajua ni shule. Zuhura yuko kidato cha pili, na muhula huu Kiingereza kimepanda ghafla, mwalimu kamwandikia "hongera" kwa wino mwekundu. Nikasema afadhali, ada haijapotea. Sikujiuliza zaidi. Hata siku aliyokwenda kwenye gwaride la skauti amevaa glavu nyeupe, mpya, zinang'aa, nilichofanya ni kumsifia mama yake kwa kubana matumizi.

Jumanne nikapigwa shoti. Mimi ni fundi wa pasi na feni, shoti ni sehemu ya mshahara, lakini hii ilinirusha mpaka kwenye ndoo. Nikaingia ndani nashikilia mkono, naomba chai. Mama Zuhura, yuko uvunguni anatafuta chupa, sauti yake ikatoka huko chini: "Brusilii aling'atwa na swila akiwa kazini, na picha ikaisha."

"Swila mwenyewe alikuwa ametolewa sumu!"

"Na wewe pasi si ungeitoa umeme?"

Nikanyamaza. Lakini yeye hakuwa amemaliza. Akaja na chai, akakaa, akasema yupo kijana mwingine mle, enzi hizo hana jina, kazi yake kupigwa tu, Jackie Chan. Brusilii akamgonga fimbo ya uso kwa bahati mbaya. Akamkimbilia, akamshika, anamwomba radhi. Kijana maumivu yamekwisha zamani, lakini anaendelea kulia ili azidi kushikwa. "Kama wewe na malaria," akamalizia.

Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na saba. Ngumi hazipendi. Picha anayoijua ni ya kipaimara cha dada yake. Nikasema ni saluni, huko ndiko wanakoyatoa.

Jumapili nikashusha kitabu kukipangusa vumbi. Huwa nakipangusa kwa shuka la mtoto, polepole, nakizungusha, nautazama mgongo wake, nasikitika kidogo. Nasikitika kwa sababu Brusilii mwenyewe alifariki tarehe 20 Julai 1973, ana miaka 32, na picha ikaanza kuonyeshwa Agosti kule Los Angeles. Zile foleni za watu hakuziona. Mimi naye tumekosa kitu kilekile, nikajifariji, tofauti ni nailoni tu.

Nikapapasa pembeni. Kidole kikakwama. Kuna mstari, umekunjamana, rangi ya kahawia kwa mbali, kama kovu la kuungua. Nikainamisha pua. Mshumaa. Nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na pale, ndani ya nailoni, juu ya kifua cha Brusilii, kumelala ganda la karanga. Jekundu, jembamba, limenyooka kama limebandikwa na kiwanda.

Nyinyi hamjui, lakini Mama Zuhura anauza karanga. Kila usiku, mimi nikisikiliza taarifa ya habari barazani, yeye na Zuhura wako ndani na mshumaa: anajaza kifuko, anakunja mdomo wa nailoni, anaupitisha kwenye moto, anaubana kwa vidole. Hakuna anayemshinda kwa kufunga. Kifuko chake ukikikanyaga hakipasuki.

Nikamkuta palepale, mkeka, sinia, mshumaa unawaka mchana.

"Mama Zuhura. Hiki kitabu kimefunguliwa."

Akakitazama kama anatazama karanga za mshindani. "Kimefungwa hicho. Kitikise uone."

"Mara ngapi?"

"Kila tukimaliza karanga. Zuhura anasoma, ananitafsiria. Ulisema kikikaa bila nailoni kinaharibika, basi tunakirudishia."

Mwanangu alikuwa anatazama dari. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno makali, nimeyapanga tangu kabatini: mpwa wangu, thamani, robo ya bei, nikakumbuka robo, nikayaacha. Yakatoka mengine kabisa.

"Mpiga picha alikuwa wapi?"

Akakunja kifuko. Akakipitisha motoni. Akabana. "Chupa yangu ya chai irudi kabatini kwanza."

Nikaenda. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa uvunguni, nikatoka na chupa na utando wa buibui sikioni. Nikaipangusa kwa lile shuka. Nikaiweka juu ya kabati, mkono wake ukitazama mlango kama zamani, nikarudi nikasimama mbele ya sinia.

"Haya."

"Vioo bado hatujafika," akasema. "Zuhura ana mitihani."